Muziki wa piano wa kuingilia kanisani: pima njia kwanza

Dada, umeuliza upigiwe nini kwenye piano siku ya ndoa yako huko Rombo, kati ya Krismasi na Mwaka Mpya, baba yako akikusindikiza hadi altareni. Umetaja nyimbo tatu, zote za mapenzi. Mimi nimepiga kinanda kwenye ndoa za Kikatoliki na za Kilutheri kwa miaka 14, zaidi Moshi na Dar es Salaam. Nakuomba kitu kimoja kabla hujachagua: nenda kanisani na saa. Tembea ile njia ya katikati kwa mwendo wa siku yenyewe, na kiatu kile kile, baba yako akiwa ubavuni.

Nasema hivi kwa kuwa yalinikuta. Nilikuwa bado mgeni wa kazi hii, bibi harusi akachagua wimbo unaoanza polepole, kiitikio kinakuja dakika ya pili. Kanisa lilikuwa dogo. Alifika mbele kwa sekunde hamsini na kitu, padre kasimama anasubiri, mimi bado niko ubeti wa kwanza. Nikaukatisha pale pale, kama redio iliyoishiwa betri. Baada ya misa akaniuliza kwa upole, "Kaka, mbona wimbo wangu sikuusikia?" Kumbe alichokuwa akikingoja miezi yote ile ni kile kiitikio. Iliniuma, na inaniuma hadi leo.

Kwa hiyo wimbo wa kuingilia uwe ule unaoweza kumalizika popote bila msikilizaji kujua kwamba umemalizwa. Ndiyo sababu Kanoni ya Pachelbel, muziki wa zamani usio na maneno wa mtunzi wa Kijerumani, inapigwa kila mahali, na usione haya kuichagua. Mkono wa kushoto una sauti nane tu: D, A, B, F kali (F#), G, D, G, A, kisha unarudi mwanzo. Ukipiga sauti moja kwa sekunde, mzunguko mzima ni sekunde nane. Mkono wa kulia ndio unaoongeza mapambo kidogo kidogo. Bibi harusi akifika mapema, mpigaji anatua kwenye D inayofuata na kila mtu ataona ndivyo ilivyopangwa. Akichelewa, anazunguka tena.

Kuna mzee mmoja alimsindikiza binti yake miezi michache baada ya kupooza upande. Alikataa kiti cha magurudumu. Fimbo mkono mmoja, binti mkono wa pili, hatua moja, wanapumua, hatua nyingine. Nilizunguka zaidi ya mara ishirini. Nilipoona wako katikati ya kanisa nikauacha mkono wa kulia ucheze nota mojamoja tu, nikasikia ile fimbo ikigonga sakafu. Hakuna aliyepiga kigelegele mpaka walipofika. Wimbo wenye mwanzo na mwisho wake usingeweza kumsubiri mzee yule.

Nyimbo zako tatu usizitupe. Ziweke kwenye kusaini vyeti, padre akiruhusu. Pale maarusi wanasaini, wasimamizi wanasaini, picha zinapigwa, na watu wamekaa hawana la kutazama. Hapo wimbo una nafasi ya kusikika mzima, kiitikio na vyote. Padre akikataa, na wengi hukataa nyimbo zisizo za ibada ndani ya misa, zipigwe ukumbini mnapoingia.

Zile machi mbili za harusi ambazo kila mtu anazijua, niziseme haraka. Ya Wagner, ile ya "Here Comes the Bride", inatoka kwenye opera (tamthilia ya kuimbwa) Lohengrin, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Weimar mwaka 1850. Humo inaimbwa ndoa ikiwa imeshafungwa, na usiku huo huo ndoa inavunjika. Mimi siipigi ila nikiombwa sana. Ya Mendelssohn, aliyoitunga mwaka 1842 kwa ajili ya tamthilia ya Shakespeare, ni ya kutokea, si ya kuingilia. Inaanza na tarumbeta, na kwenye piano inataka vidole vyenye nguvu. Zote mbili ni muziki wa jukwaani na nimekutana na maparoko wasiozitaka kabisa, kwa hiyo uliza kabla hamjachapisha ratiba.

Kwa paroko nenda mapema, pamoja na mwalimu wa kwaya. Kwaya ina wimbo wake wa mwanzo, na ukimwondolea bila kuongea naye utakuwa umemkosea. Mara nyingi tunakubaliana hivi: piano peke yake mpaka bibi harusi afike mbele, kisha kwaya inaingia. Kwaya zetu zinasoma sol-fa (do, re, mi), basi mwambie mwalimu kwamba piano inamaliza kwenye D, achague wimbo ambao do yake ni D au G, ili kusiwe na kutafutana sauti mbele za watu. Tarehe yako ni nzuri, Majilio, yale majuma ya kungojea Krismasi, yatakuwa yamepita. Mwongozo wa Misale ya Roma, namba 313, unataka vinanda vipigwe kwa kiasi wakati wa Majilio, na Kwaresima ni kusindikiza uimbaji tu, isipokuwa siku chache.

Kuhusu chombo: kama kanisani kuna kinanda cha vibonyezo 61, kinatosha kwa Kanoni, ila mpigaji aje na pedali yake ya mguu ya kurefusha sauti, maana nyingi zimepotea au zimekatika waya. Umeme ukikatika kinanda kinanyamaza, kwa hiyo kwaya iwe na ubeti mmoja tayari wa kudakia.

Na mtafute kijana mmoja asimame mlangoni na leso nyeupe. Mpigaji mara nyingi anaupa mlango mgongo. Leso ikipanda, umeanza kutembea. Ikishuka, umefika. Ukishapima njia na baba, niandikie hapa hapa ni dakika ngapi, nikupangie mizunguko.