Vilele viwili kwa siku moja: je, saa tano zinaitosha familia nzima?

SWALI: Katika majira haya ya joto ninapanga kupanda vilele viwili vilivyounganishwa na mgongo mmoja wa mlima, nikiwa na mke wangu, watoto wetu wa miaka 9 na 12, baba mkwe wa miaka 66 na marafiki wanne. Kilele cha kwanza, chenye mita 2,800, kiko kilomita 5 kutoka tutakapoanzia, na cha pili kiko kilomita 2 mbele yake. Tutarudi kwa njia ile ile, kwa hiyo safari nzima ni kilomita 14, na jumla ya kimo cha kupanda ni mita 1,200, ambazo 100 kati yake ni za wakati wa kurudi. Kwa kanuni ya Naismith nimepata muda usiotimia saa tano. Tukianza saa 3 asubuhi tutakuwa tumeshuka saa 8 mchana, mapema kabisa kabla ya giza. Je, hesabu yangu iko sawa?

JIBU: Ndugu msomaji, umekokotoa vizuri, lakini umekokotoa muda wa mtu ambaye hayumo katika msafara wako. Naismith, mpanda milima wa Uskoti, aliitoa kanuni hiyo mwaka 1892: saa moja kwa kila maili tatu, yaani takriban kilomita 5, na saa nyingine kwa kila futi 2,000 za kupanda, yaani takriban mita 600. Alimkusudia mtu mzima mwenye mazoezi, anayetembea bila kusimama. Kwa msafara wenye mtoto wa miaka 9 na mzee wa miaka 66, mimi huzidisha jibu la kanuni kwa moja na nusu, kisha naongeza dakika 10 za kupumzika kwa kila saa ya mwendo, na nusu saa juu ya kila kilele, kwa sababu hakuna mtoto atakayekubali kufika juu na kugeuka papo hapo. Muda wako wa saa 4 na dakika 48 unakuwa saa 7 na dakika 12, na pamoja na mapumziko yote unafikia karibu saa 9 na nusu. Mkianza saa 3 asubuhi mtamaliza baada ya saa 12 jioni, na hapo bado sijahesabu kwamba mteremko mkali huwachelewesha watu badala ya kuwaharakisha, hasa wenye magoti yaliyochoka.

Hata hivyo, giza si jambo linalonitia wasiwasi zaidi. Tazama mtakuwa wapi mchana. Kwa hesabu hiyo mtafika kilele cha kwanza kwenye saa 7:40 mchana na mtarudi tena hapo kwenye saa 10:40 jioni, maana yake mtakaa saa tatu nzima juu ya mgongo ulio wazi, katika kipindi kile kile ambacho radi za majira ya joto hupenda kupiga milimani. Jua la asubuhi hupasha miteremko joto, hewa yenye unyevu hupanda juu pamoja na miteremko hiyo, hupoa kadiri inavyopanda, na unyevu wake hugeuka wingu. Ndiyo maana siku inayoanza na anga safi kabisa inaweza kuwa na ngurumo alasiri, na anga la saa 3 asubuhi halikupi ahadi yoyote kuhusu saa 9.

Kwa hiyo panga siku yako kuanzia kwenye wingu kurudi nyuma. Ondokeni saa 11 alfajiri, hata kama mtahitaji taa za kichwani mwanzoni. Mtakuwa kilele cha kwanza kwenye saa 3:40 asubuhi, cha pili kwenye saa 5:10, na mtakuwa mmekwisha kuuacha mgongo kabla ya saa 7 mchana. Kisha wekeni nyakati mbili za kugeuka, na mkubaliane juu yake usiku wa kuamkia safari, watoto wakiwepo. Ikiwa saa 4 na nusu asubuhi hamjafika kilele cha kwanza, hicho ndicho kitakuwa mwisho wa safari. Ikiwa saa 5 na nusu imewakuta njiani kwenda cha pili, geukeni papo hapo, hata kama kilele kinaonekana. Nimewahi kuwageuza watu wakiwa wamebakiza mwendo wa robo saa, na msichana mmoja alilia njia nzima ya kushuka. Ningefanya vivyo hivyo leo. Uamuzi huo ni mgumu mno kuufanya ukiwa pale juu, na ndiyo sababu unapaswa kufanywa nyumbani.

Saa hizo ni za siku njema. Wingu likiwahi, fuateni wingu. Vijiwingu vyeupe vilivyotawanyika havina neno. Likianza kukua kwenda juu kuliko lilivyo pana, na tumbo lake likawa bapa na jeusi, msisubiri ngurumo. Mkiisikia, hesabuni sekunde tangu umeme umulike: kila sekunde tatu ni takriban kilomita moja, na chini ya sekunde 30 mko ndani ya eneo la hatari. Msirudi kwenye mgongo hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Radi ikiwakuta juu, shukeni upande wowote ulio salama kushukia, kaeni mbali na mti ulio peke yake, minyororo ya chuma na mdomo wa pango, mchuchumae miguu ikiwa pamoja, wala msilale chini. Familia zikiogopa hukumbatiana, nami naielewa hali hiyo, lakini radi moja inaweza kuwaangusha wote waliokusanyika. Achaneni kadiri inavyowezekana huku mkionana, ili awepo wa kumsaidia aliyepigwa.

Mwendo uamuliwe na aliye wa polepole zaidi, naye atembee nyuma tu ya kiongozi. Mtu mzima mwenye uzoefu awe wa mwisho. Marafiki wenye nguvu hutangulia, hukaa kwenye jiwe kuwasubiri wengine, na wakiwaona wamefika husimama na kuendelea. Kwa namna hiyo waliopumzika ni wale wasiohitaji, na baba mkwe hapumziki hata mara moja. Dakika 10 zianze kuhesabiwa anapokaa mtu wa mwisho.

Kuhusu mizigo nitasema kwa ufupi. Joto hupungua takriban nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000, kwa hiyo vilele vyenu vitakuwa na baridi zaidi ya mnakoanzia kwa nyuzi 7 hivi, kabla ya kuhesabu upepo. Kila mtu abebe koti la mvua na nguo ya joto isiyo ya pamba, maana pamba ikilowa jasho haikauki upesi. Maji yawe karibu nusu lita kwa saa kwa mtu mzima, pamoja na vyakula vyenye chumvi. Watoto wakumbushwe kunywa, kwa kuwa wakiwa wanacheza husahau.

Mwisho, andika saa zote hizi kwenye karatasi mbili. Moja ibaki nawe mfukoni, na nyingine umwachie mtu asiyesafiri, ikiwa na njia mtakayopita na idadi yenu, watu tisa. Mkubaliane kwamba ikifika saa 12 jioni hajapata habari zenu, apige simu kwa waokoaji bila kusubiri zaidi.