Kabla Hujamdunga Sindano, Amua Kama Utamuuza

Ng'ombe wa maziwa ni nadra kuuzwa akiwa mzima. Unamuuza kwa sababu kiwele kimeharibika, anachechemea, au amepandishwa mara nne na mimba haishiki. Kwa hiyo siku anapopelekwa machinjioni mara nyingi ametoka kutibiwa juzijuzi, na hapo ndipo sheria za usalama wa nyama zinapotunasa sisi wa maziwa.

Mimi nilinaswa na figo. Nilimtibu ng'ombe ugonjwa wa kiwele, siku za kumwaga maziwa yenye dawa zikaisha, nikamuuza. Mkaguzi akakata kipande cha figo, kipimo kikaonyesha mabaki ya penisilini, mzoga mzima ukatupwa. Namba ya hereni ya sikioni ikawaleta wakaguzi hadi kwangu. Pesa ya mnunuzi nilirudisha.

Kosa langu lilikuwa kuhesabu siku za maziwa nikidhani ndizo za nyama. Kibandiko cha dawa kina hesabu mbili, na ni nadra zilingane. Zipo sindano ambazo maziwa yake hayazuiwi hata siku moja, ilhali nyama inasubiri siku kadhaa. Dawa za kukaushia, zile za kuingiza kwenye chuchu ng'ombe anapoachwa kukamuliwa kabla ya kuzaa, ndizo za kuogopa: zimetengenezwa zikae wiki nyingi. Ukizidisha kipimo, au ukadunga kwenye msuli dawa ya mshipa, hesabu ya kibandiko haikufai tena. Muulize daktari wa mifugo. Na usitegemee moto wa jikoni, kwani mabaki mengi hustahimili kuchemshwa.

Siku hizi kiwele kikirudia mara ya tatu, swali langu la kwanza kwa daktari ni: tunatibu, au anauzwa sasa hivi bila dawa, wakati bado anatembea mwenyewe? Kutembea si jambo dogo. Marekani ilipogundua kichaa cha ng'ombe Desemba 2003, aliyekutwa nacho alikuwa ng'ombe wa maziwa, na tangu hapo wasioweza kusimama hawachinjwi kwa chakula cha watu.

Ndama dume nao wana mtego wao. Yale maziwa uliyokatazwa kuuza, ukimnywesha ndama kisha ukamuuza, dawa imehamia kwake.

Kila aliyetibiwa namfunga utepe mwekundu mguuni. Daftari naandika mimi, lakini anayekamua alfajiri ni mwingine.