Kabla hujaitupa mazabodi hiyo

Ndugu yangu wa Langoni, nimekuelewa: kompyuta ya mezani yenye RAM (kumbukumbu ya muda) ya aina ya DDR3, GB 2 tu, kila stima ikikatika inaamka ikidai ni mwaka 2009, na fundi anataka ununue mazabodi nyingine, yaani ule ubao mkuu unaounganisha vyote. Usikubali upesi.

Tarehe kurudi nyuma mara nyingi ni betri tu, kile kidude cha duara kama sarafu, CR2032. Chomoa waya wa umeme, bonyeza kibanio, weka mpya, kisha ingia kwenye BIOS, ile programu ya mwanzo iliyo ndani ya mazabodi, urekebishe saa na diski ya kuwashia.

Ukishaifungua, angalia kutu. Yangu hapa Mkomani iligoma kuwaka siku nzima. Nilipochomoa RAM nikakuta meno yake ya dhahabu yamefifia na kushika madoa ya kijani. Hewa yetu ya chumvi hii haina huruma. Nikayasugua polepole kwa kifutio cha penseli, nikapuliza vumbi, ikawaka.

Ukiongeza RAM, nunua DDR3 ile ile. DDR4, aina iliyoifuata, pengo la kati ya meno yake liko mahali pengine, kwa hiyo ikikataa kuingia usiisukume. Windows ya biti 32 haitakufaidi RAM ikizidi GB 4. Pesa ikibaki, weka SSD, diski isiyozunguka na yenye kasi, ya kuchomeka kwa waya wa SATA. Kasi yake ndiyo utakayoihisi.

BIOS usiisasishe bila UPS (betri ya akiba ya kushikilia umeme), stima ikikatika katikati mazabodi yaweza kufa kweli. Ukiona kapasita, vile vikopo vidogo juu ya mazabodi, zimevimba vichwa, mpe fundi anayejua kulehemu. Na sanduku la pawa, lile linaloingiza umeme kwenye kompyuta, usilifungue kamwe, hubaki na umeme hata likichomolewa.