Maji Kwanza, Mbegu Baadaye

Mwanangu Salma,

Assalaam alaykum. Barua yako nimeipata, na sisi sote hapa Tanga hatujambo. Umeniuliza uanze na mbegu ipi katika uwanja wa nyumba yenu huko Barka, Omani, kotmiri au karoti, na kama mwanzo huu wa Septemba si mapema mno. Mimi ningependa kwanza kujua utamwagilia maji gani, kwa sababu umeandika kwa furaha kwamba nyumba ina kisima, na habari hiyo imeniondolea raha.

Kisima cha bibi yako kule Tongoni wewe ulikikuta kimebaki cha kuoshea miguu, lakini mimi nimeyanywa maji yake yakiwa matamu. Kila kusi ilipoanza kuvuma na usiku kuingia ubaridi, bibi alisia kotmiri na vitunguu kando yake, na harufu ya kotmiri hiyo ilikuwa ikitufikia barazani. Baba yako mkubwa alipofunga mashine apate kumwagilia miche yake ya minazi, kisima kikawa kinavutwa mchana kutwa, hata ncha za majani ya vitunguu zikaanza kukauka na matuta yakatanda weupe. Bibi aliukwangua weupe ule kwa ukucha, akauonja, akafuta mkono kwenye kanga, asiseme neno. Baba yako mkubwa alishikilia kwamba ni ukame. Huenda, vuli ya miaka ile ilikuwa haba kweli. Lakini mbona visima vya jirani, vilivyotekwa kwa ndoo, viliendelea kunyweka? Sitamhukumu marehemu, ingawa ulimi unaniwasha.

Pwani ya Batinah mnakoishi imepatwa na jambo hilo hilo kwa ukubwa zaidi: pampu za mashamba zimevuta maji ya ardhini kuliko mvua inavyoyarudisha, na maji ya chumvi ya bahari yakapenya chini kwa chini. Ndiyo maana nasema maji kwanza, mbegu baadaye. Yapeleke yakapimwe. Karoti, vitunguu na maharage huumizwa upesi na chumvi, bitiruti huivumilia vizuri, na spinachi kwa kiasi. Maji yakiwa na chumvi, kotmiri yako ipe maji ya bomba, hata kama ankara itapanda. Tena mwagilia kwa wingi, maji yashuke kupita mizizi, kwa kuwa ukinyunyiza kidogo kidogo jua huyakausha na chumvi hubaki juu. Samadi nayo iwe iliyooza vyema. Ya kuku ikiwa mbichi huongeza chumvi ile ile.

Kuhusu Septemba, mbegu ya saladi hukataa kuota udongo ukiwa wa moto, na kotmiri ikipata joto hukimbilia kutoa maua. Ngoja usiku uanze kupoa, Oktoba inaposonga. Najua utanijibu kwamba msimu wenu ni mfupi na kufikia Aprili joto limekwisha kurudi, na hapo una haki. Basi mwezi huu changanya mboji kwenye mchanga huo na utayarishe matuta, na nanaa unaweza kuipanda sasa hivi kwa vipandikizi, ndani ya chungu, kivulini.

Sikuambii mkiache kisima, maana nyumba ni yenu na mumeo ndiye aliyekilipia. Ila majibu ya kipimo yakitoka, niandikie kabla hujafungua paketi ya karoti.

Baba yako