Uliza Muuguzi: Cherehani ya saa nane usiku

*Shikamoo mama. Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 47, naishi Mbagala. Huu ni mwaka wa pili nasafishwa damu kwa mashine kwa sababu ya figo, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, zamu ya saa sita mchana mpaka saa kumi. Mashine naivumilia. Shida yangu ni usiku. Nikijilaza tu, miguu inaanza. Si maumivu wala si ganzi, sijui nikueleze vipi, ni kama sisimizi wanapita ndani ya mifupa. Nikiinuka na kutembea wanatulia, nikirudi kitandani nao wanarudi. Saa nane usiku naona bora nikae kwenye cherehani nishone, na hapo ndipo miguu inanyamaza kabisa. Jirani amemwambia mke wangu kwamba anasikia cherehani usiku wa manane na kwamba niombewe. Halafu mchana kwenye mashine nalala usingizi wa pono, manesi wananiamsha wakija kutoa sindano. Ngozi nayo inawasha, kwa hiyo kila usiku nameza Piriton mbili. Zamani zilinipa usingizi, siku hizi hakuna kitu. Rafiki yangu mwenye duka la dawa anasema atanipa Valium. Nimeze? Fundi, Mbagala.*

Marahaba fundi. Usimeze. Sababu nitakupa, ila kwanza tuzungumze hiyo cherehani yako, ambayo nadhani ni ile ya kukanyaga, maana ya umeme isingekufaa kitu.

Madaktari wanautambua ugonjwa wa miguu kukosa utulivu kwa mambo manne. Mtu anasikia hamu ya kusogeza miguu asiyoweza kuizuia. Inamjia akiwa ametulia. Inazidi jioni na usiku. Na inapungua akiichezesha miguu. Yote manne umeyaandika mwenyewe, tena ukaongeza na dawa yake, ambayo ni kukanyaga. Mwambie jirani mashetani hayana zamu ya saa nane. Ni ugonjwa wenye jina, na watu wa mashine wanaupata zaidi kuliko wengine.

Nina deni katika jambo hili. Nilifanya kazi kwenye chumba cha kusafisha damu miaka 19 kabla ya kustaafu. Tulikuwa na mgonjwa mmoja, dereva wa malori aliyestaafu, ambaye kila ikifika saa ya tatu anaanza kugombana nasi: nitoeni, nitoeni. Anapiga visigino kwenye kiti, anajinyonganyonga mpaka mashine inapiga kengele. Tulimwona mkorofi. Kwenye faili lake kuna sentensi isemayo "mgonjwa hana ushirikiano", na mwandiko ni wangu. Akaja daktari kijana, hata mwezi hajamaliza kwetu, akavuta stuli, akamuuliza, "Mzee, miguu unaisikiaje?" Yule baba alilia. Kumbe tangu aanze mashine hakuna aliyewahi kumuuliza, na yeye alijua hayo ndiyo mateso ya figo, hayana wa kuambiwa. Alipopimwa, madini ya chuma yalikuwa chini sana. Alipewa chuma kupitia mpira wa mashine kwa wiki kadhaa, na ikafika siku akamaliza saa nne zote anasoma gazeti.

Si kila mguu unaohangaika umekosa chuma, lakini hapo ndipo pa kuanzia. Kila unaposafishwa, damu kidogo inabaki kwenye chujio na mipira. Ongeza na ile wanayochukua ya vipimo, ongeza na chakula ulichopunguziwa. Kwa hiyo Jumatatu usiulize tu "damu yangu ngapi?" Uliza na feritini, yaani akiba ya chuma mwilini, ilipimwa lini na ilikuwa ngapi. Wingi wa damu unaweza kuonekana unaridhisha huku ghala limekauka. Vidonge vya chuma usijinunulie. Kwa watu wa mashine mara nyingi vinaishia kuvuruga tumbo, na wenzako wanapewa chuma kupitia mashine hiyo hiyo unayolalia.

Sasa Piriton. Hapa utashangaa, fundi. Dawa za mzio zinazoleta usingizi, Piriton ikiwamo, pamoja na zile zilizomo ndani ya dawa nyingi za mafua na kikohozi za kunywa usiku, zinaweza kuichochea miguu. Unameza ulale, kope zinakuwa nzito, miguu inaamka. Ndivyo ilivyo pia kwa Plasil ya kichefuchefu, na kwa amitriptilini ambayo wengi huandikiwa kwa ajili ya usingizi au maumivu ya neva. Usiache dawa uliyoandikiwa kabla hujasema na daktari wako, lakini zitie zote kwenye mfuko, hata ulizonunua mwenyewe, ukazimwage juu ya meza yake. Mfuko unasema kweli kuliko mdomo. Chai kavu ya rangi baada ya isha na kahawa ya barazani nazo ziangalie, kwani zinafukuza usingizi na zinaweza kuizidisha hiyo miguu.

Kwa kuwasha, Piriton haifiki kwenye shina. Kwa watu wa mashine chanzo mara nyingi ni fosfati, yaani madini yatokayo kwenye chakula, iliyopanda katika damu, ngozi iliyokauka, au damu isiyosafishwa ya kutosha. Vile vidonge vya kalsiamu vya kukamata fosfati vinafanya kazi vikikutana na chakula tumboni. Nimewakuta watu wanavimeza saa nne usiku na maji, wali ulishashuka zamani. Meza katikati ya mlo. Oga maji ya vuguvugu, si ya moto, na ujipake mafuta mwili ukiwa bado na unyevu. Na kama una tabia ya kuomba utolewe nusu saa kabla ili uwahi daladala, jua kwamba nusu saa mara tatu kwa wiki ni saa sita kwa mwezi. Hapo umejinyima kusafishwa mara moja na nusu. Figo nzima zinafanya kazi saa 168 kwa wiki, wewe umepewa 12.

Hata chuma kikiwa sawa, kuna miguu inayoendelea, na dawa zake zipo. Inayotumika sana ni gabapentini, ambayo husaidia na kuwasha pia, kwa dozi ndogo baada ya mashine. Jirani yako wa kiti akikugawia za kwake, kataa. Dawa hii hutolewa na figo, na kwako itakaa mwilini kuisubiri mashine. Nimempokea mtu aliyeandikiwa dozi ya mwenye figo nzima, akaja anayumba kama aliyetoka kilabuni, mikono inarukaruka, hajui leo ni Jumatano au Ijumaa.

Hapo ndipo na Valium inapoingia. Haitaituliza hiyo miguu. Itakulevya, utaamka saa nane vilevile kwa sababu sisimizi hawajaondoka, safari hii ukiwa huna mizani, na mifupa ya watu wa mashine huvunjika upesi. Kama koo lako linaziba usiku, jambo ambalo huwezi kulijua ukiwa umelala, ndiyo hatari zaidi. Rafiki yako anakupenda, lakini dawa ile haiuzwi bila cheti, naye anajua.

Na usingizi wa kwenye kiti? Huo nao tuuseme bila aibu. Saa nne za kulala mchana mara tatu kwa wiki, halafu unaudai usiku nao ukupe saa nane. Haukupi. Najua zile mashine zinavyobembeleza, ule mlio wake na baridi ya kiyoyozi. Jipe nusu saa ya mwanzo, kisha nesi akuamshe. Wagonjwa wetu wawili walicheza drafti kwa vizibo vya soda, kila mmoja na mkono wake usio na sindano, na ubao tuliuweka kwenye toroli ya chakula katikati ya viti. Walitukanana sana, ila hawakulala. Kama zamu ya asubuhi ipo, iombe. Na kwa mtu mwenye miguu kama yako nina neno la ziada: kukanyaga kibaiskeli cha chini polepole wakati damu inasafishwa kumeonekana kupunguza shida hii. Sijui kama kwenu kipo, lakini wewe ni fundi, na kukanyaga ndiyo kazi yako. Kanyaga cherehani jioni, saa kumi na mbili mpaka saa mbili, badala ya usiku wa manane. Kisha loweka miguu kwenye beseni la maji ya vuguvugu, shemeji akukande mashavu ya miguu. Usiku ukiamka usijilazimishe kitandani kwa hasira. Tembea ua mzima mara mbili, taa iwe hafifu, simu ibaki ndani.

Umeandika kwamba mashine unaivumilia. Kuhusu moyo hukuandika chochote, nami sitakuchokonoa. Ila saa nane usiku ndiyo saa ambayo bima, ada za watoto na kile kiti cha mwenzako kilicho wazi wiki hii huja kukaa kitandani pamoja na mtu. Kama nao wapo, waseme kwa daktari kama unavyosema miguu. Mawazo hayo yana tiba pia.

*Mama muuguzi, mume wangu anakoroma kwa nguvu, halafu ghafla kimya. Nahesabu mpaka kumi na tano, ishirini, kisha anashtuka kama mtu aliyezama. Asubuhi kichwa kinamuuma na anasinzia akila. Anasafishwa mara mbili kwa wiki. Mama wa watatu, Morogoro.*

Mdogo wangu, huko kuhesabu kwako ni kipimo. Koo linaziba, pumzi inakatika, ubongo unamwamsha ili asife, na asubuhi yeye hakumbuki lolote. Mrekodi kwa simu dakika tano, mpeleke daktari asikie.

Kwa mtu wa mashine kuna kisa cha ziada. Maji yaliyokaa miguuni mchana, akilala, hupanda kuelekea kifuani na shingoni na kuibana njia ya hewa. Mwaka 2001 madaktari wa Toronto, Kanada, walitoa taarifa ya wagonjwa 14 waliohamishwa kutoka mashine ya mchana kwenda ya usiku kucha nyumbani. Kukatika kwa pumzi kulishuka kutoka wastani wa mara 25 kwa saa hadi 8. Mashine ya usiku kucha sikutegemei uipate Morogoro, lakini funzo lake unalo: maji yakipungua, koo linafunguka. Ombeni uzito wake mkavu, yaani uzito wake maji ya ziada yakishatolewa, upimwe upya, huenda ni ule ule wa mwaka juzi na mwili umeshabadilika. Chumvi ipungue kwelikweli, si ya mezani tu. Ng'onda, dagaa wa chumvi na vile vidonge vya mchuzi ndivyo vinavyomtia kiu. Wekeni matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani, na alale ubavu, lakini si ule wenye mkono wa fistula, yaani ule mshipa uliounganishwa kwa ajili ya sindano za mashine. Pombe na dawa za usingizi asiguse.

Kwa nini ni mara mbili na si tatu, naweza kukisia, na sitakuuliza. Usiku wowote akiamka hawezi kupumua mpaka aketi, hasa zile siku anazokaa muda mrefu bila mashine, msingoje zamu yake. Nendeni usiku huo huo.

*Mama yangu yuko kwenye mashine. Tangu jana hajalala hata kidogo na ana kwikwi isiyokatika. Alikunywa juisi ya lile tunda ambalo ukilikata linatoa umbo la nyota. Kuna uhusiano? Binti, Pemba.*

Huyu sikungoja gazeti litoke, nilimpigia simu dakika ile ile. Tunda hilo lina sumu ambayo figo nzima huitoa, lakini kwa mgonjwa wa figo hupanda kichwani. Huanza kwa kwikwi na kukosa usingizi, kisha kuchanganyikiwa, kisha degedege, na watu wamekufa. Tiba ni kusafishwa haraka. Ndugu yake birimbi, la kwenye achari, nalo lina oksalati nyingi, kemikali inayodhuru figo, mwenye figo mbovu asilile.

Alisafishwa siku mbili mfululizo, amerudi nyumbani, analala. Mti uko uani kwao, na binti anasema hawajaukata kwa sababu ni mama mwenyewe aliyeupanda. Matunda sasa wanachuma wajukuu kabla bibi hajaamka.