Jicho jekundu lisilo na matongo

Pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza ninakouzia dagaa, kila mtu alikuwa na jibu lake kuhusu jicho langu jekundu. Moshi. Vumbi. Kijana wa duka la dawa akaniambia, "Mama, haya ni macho mekundu tu, yatapita," nikamaliza chupa nne za matone. Usukumani, mwanamke wa umri wangu akiwa na jicho jekundu halichekelewi. Tunajua bibi waliouawa kwa kudhaniwa wachawi, kisa macho yaliyoivishwa na moshi wa jikoni. Nikanunua miwani myeusi, nikanyamaza. Kunyamaza huko ndiko kulikonichelewesha.

Macho mekundu ya kuambukizana huwasha, hutoa matongo, asubuhi kope zimegandana. Langu halikuwa na tongo hata moja. Liliuma kwa ndani, kama mtu analibonyeza kwa kidole gumba kutoka nyuma, maumivu yanapanda kipajini, yanashuka tayani, yananiamsha saa nane usiku. Weupe ukageuka zambarau. Jua likipiga juu ya ziwa, nafumba.

Daktari wa macho alinishangaza. Aliniuliza habari za pua! Kumbe kweli, miezi kadhaa nilikuwa napenga makoko yenye damu, na vifundo vya miguu vinauma, ila nani angevihusisha na jicho? Kisha akataka mkojo. Ukakutwa na damu na protini. Wakapima pia TB, kaswende na virusi vya UKIMWI, maana TB na kaswende nazo huweza kulifanya jicho hivyo, na dawa za kushusha kinga zikikuta TB imelala huweza kuiamsha. Mwisho nikaambiwa ni vaskulitisi: kinga ya mwili inashambulia mishipa yangu mwenyewe ya damu, puani, kwenye figo, na kwenye ule ukuta mweupe wa jicho.

Kwa hiyo ukienda na jicho, taja mwili mzima: pua, viungo, vipele, kikohozi, homa zisizoeleweka. Hata usichoulizwa.

Matone yenye steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe na kushusha kinga, usijinunulie. Yanaweza kupandisha presha ya jicho kimyakimya, na kama tatizo ni kidonda cha virusi, yanaweza kulimaliza jicho. Mimi natumia prednisoloni, steroidi ya vidonge, lakini kwa vipimo. Niliwahi kuiacha ghafla kwa sababu ya uso kuvimba (wenzangu walisema nimenenepa, nikafurahi kidogo). Siku tatu tu, nikawa siwezi kunyanyuka kitandani. Dawa hiyo hupunguzwa polepole, na daktari. Inaweza kuleta pia sukari na mtoto wa jicho, ndiyo maana napimwa mara kwa mara.

Jicho langu linaona. Limebaki na doa la bluu pale ukuta ulipokonda.

Na wewe uliyevuka miaka 50, ukiumwa panja, taya zikachoka ukitafuna, halafu jicho moja likaingia giza, hata likirudi baada ya dakika tano, hiyo nayo huweza kuwa vaskulitisi, ya aina nyingine; usisubiri kivuko cha kesho. Panda cha leo.