Mteja akikupa faili za Kithai, usianze na amri

Juzi kijana mmoja wa Mombasa kaniandikia. Ofisi yao inaagiza mchele kutoka Thailand, na muuzaji kawatumia orodha zake za bidhaa za miaka mingi. "Kaka, shikamoo. Nikifungua naona á na ¾ na Ê tupu. Nipe ile amri ya kugeuza iwe Unicode, bosi anataka leo."

Marahaba. Unicode ni jedwali moja la herufi za lugha zote, na UTF-8 ni namna ya kulihifadhi kwenye faili. Amri hii hapa: iconv -f CP874 -t UTF-8 zamani.txt > mpya.txt. Umeipata? Basi sasa vuta kiti, maana hilo neno lako la "ile amri" limenitonesha kidonda.

Kwa wasionijua, naishi Bangkok na kazi yangu ni kuhamisha data za zamani kwenda kwenye mifumo mipya. Huku nilifika kwa mgongo wa biashara ya mawe ya thamani. Rubi za Winza, spinel za Mahenge, yakuti za Tunduru, mengi yake huja Thailand; yapo yanayochomwa na kuchongwa Chanthaburi, yapo yanayouzwa Silom, mtaa wa hapa Bangkok, moja kwa moja. Ukoo wetu una watu kwenye biashara hiyo. Mimi ukiniwekea jiwe na kipande cha chupa mezani siwezi kukuapia lipi ni lipi, lakini kompyuta naijua. Na nilichokuwa nakitafuta ndicho mnachokitafuta wengi mnaosoma hapa: mteja wa nje, malipo ya dola, na jina.

Mteja wangu mkubwa wa kwanza alikuwa duka la jumla la mawe, mali ya familia moja, simtaji. Daftari lao lote la stoo lilikuwa kwenye faili za DBF zilizoundwa kwa FoxPro, programu ya zamani ya kutunza data, na walitaka liingie kwenye mfumo mpya wa mtandaoni uliokuwa ukijengwa na kampuni nyingine. Mtoto wa mwenye mali, ambaye ndiye aliyekabidhiwa mambo ya "dijitali", alinipokea kwa chai na sentensi moja: "Si amri moja tu?" Bei akaipanga kwa kipimo hicho.

Nimtendee haki, alikuwa amesoma mahali. Thailand ilitoa kiwango cha taifa cha kusimba herufi, yaani kuipa kila herufi namba yake, TIS 620, mwaka 1986, kikarekebishwa 1990. (Ukikuta kimeandikwa TIS 620-2533 usishtuke, huo ni mwaka wa Kibuddha, uko mbele ya wetu kwa miaka 543.) Kabla ya hapo misimbo ya Kithai ilikuwa mingi na haielewani. Katika TIS 620 kila herufi ya Kithai ni baiti moja, yaani namba moja ndogo ya kompyuta, nazo huandikwa kwa heksadesimali (tarakimu 0 hadi 9, kisha A hadi F), kuanzia A1. Unicode nayo ilipoingiza Kithai iliuchukua mpangilio ule ule, ikauanzisha U+0E01. Kwa hiyo baiti yoyote ya Kithai ukiijumlishia 0D60 ya heksadesimali unapata namba yake ya Unicode. Herufi พ ni BE. Jumlisha, unapata 0E1E. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuiandikia programu. Yule bwana alisoma mpaka hapo akafunga kitabu.

Kinachokula muda ni kujua baiti zilizo mbele yako ni za ukoo gani na zimepita mikono ya nani. Faili la DBF lina baiti ya 29 kwenye kichwa chake, ukihesabu kuanzia sifuri, inayotaja jedwali la herufi lililotumika. Kwa Kithai cha Windows inapaswa kuwa 7C. Za kwangu zilikuwa 00, yaani jitegemee.

Nikajitegemea. Nilichofanya, na ninachokifanya mpaka leo kabla ya kitu kingine chochote, ni kutazama kama faili lina baiti kati ya 80 na 9F. TIS 620 halisi haina kitu kwenye eneo hilo. Windows-874 (ile CP874 ya kwenye amri), ambayo ni TIS 620 iliyoongezewa vitu na Microsoft, inaweka humo alama ya euro kwenye 80, nukta tatu kwenye 85, alama za kunukuu kwenye 91 hadi 94, na mistari mifupi na mirefu. MacThai ya kompyuta za Apple za zamani inaweka humo kitu kingine kabisa: alama za toni (za kupandisha na kushusha sauti) na irabu za juu zilizosogezwa pembeni ili zisigongane na herufi zenye mkia mrefu. Ukiisoma MacThai kwa jedwali la Windows, baadhi ya irabu za juu zinageuka alama za kunukuu. Maneno yanabaki yanafanana na Kithai kiasi kwamba wewe usiyekijua huoni tofauti. Anayekijua anadhani aliyeandika alikuwa amelewa.

Faili nyingi za stoo zilikuwa Windows-874. Katalogi za wateja wa nje zilikuwa MacThai, kwa sababu mchora matangazo wao alitumia Mac. Kutenganisha zile na hizi sitakusimulia, utasinzia.

Sasa niseme kitu ambacho mpaka leo kinanipa raha. Katika takataka zote zile kulikuwa na neno lililojirudia kwenye safu ya asili ya jiwe: á·¹«Òà¹ÕÂ. Nililitazama mara nyingi kabla sijaligeuza. Ni แทนซาเนีย. Ni Tanzania! Nchi yangu ilikuwa imekaa kwenye kompyuta ya watu Silom miaka yote hiyo, ikisomeka hivyo kwa yeyote anayeifungua na Windows ya Kizungu.

Basi nikageuza, nikatoa ripoti ya mawe kwa nchi, na Tanzania zikatokea mbili, moja juu ya nyingine, kila moja na karati zake, na kwa macho hazina tofauti hata ya nukta. Yule bwana akaniambia nimeharibu data. Mbele za watu.

Kwenye duka lile kulikuwa na mama mtu mzima aliyeshika stoo tangu enzi za FoxPro, nikimwita Pa, kama vijana wa huku wanavyomwita mama wa umri ule. Alitazama skrini, akaniuliza kwa Kiingereza cha kuokoteza ningeweza kumwonyesha herufi moja moja. Nikamfungulia baiti. Tanzania ya kwanza ilianza na E1, ambayo ndiyo irabu แ. Ya pili ilianza na E0 E0, yaani เ mbili zilizosimama bega kwa bega. Kwenye skrini เเ na แ ni pacha. Pa akacheka mpaka akashika meza, kisha akaniambia kwamba mwenzake mmoja wa zamani ndiye aliyekuwa akiandika hivyo. Anachotaka ni kionekane sawa, kibodi itajijua.

Hakuna iconv duniani itakayokurekebishia hilo. Amri imefanya kazi yake kwa uaminifu: makosa yaliyokuwa kwenye TIS 620 yameingia Unicode salama salmini.

La pili lilikuwa neno la uzito, น้ำหนัก, ambalo kwenye duka la mawe liko kila mstari. Angalia silabi ya kwanza, น้ำ. Inaandikwa kwa herufi น, kisha alama ya toni, kisha irabu ำ: B9 E9 D3. Irabu hiyo ya mwisho Unicode inaijua kama U+0E33, lakini ukipitisha maandishi kwenye usawazishaji wa aina ya NFKC (utaratibu wa Unicode wa kuandika herufi zinazofanana kwa namna moja), inapasuliwa vipande viwili, kiduara cha juu U+0E4D na า U+0E32. Kiduara kinaangukia nyuma ya toni, mahali ambapo kwa desturi ya Kithai hakipaswi kuwa. Fonti nyingine zinakuonyesha kiduara kimepanda juu ya toni, nyingine zinakuficha kosa. Ukitafuta "uzito" hupati kitu, na neno unaliona hapo hapo kwenye skrini. Ile kampuni ya mfumo mpya ilikuwa ikipitisha kila kitu kwenye NFKC "kwa usalama". Niliwaandikia. Walinijibu kwamba ndiyo taratibu bora za kimataifa. Nikawatumia neno moja tu kabla na baada, bila maelezo, na kimya chao kilinitosha.

Halafu urefu. Kithai kwenye TIS 620 ni baiti moja kwa herufi. Kwenye UTF-8 ni tatu. แทนซาเนีย ina herufi 9, kwa hiyo baiti 27. Safu ya asili ilikuwa ya baiti 20, na mfumo mpya uliiiga hivyo hivyo. Piga hesabu: herufi 6 zinaingia, ya saba inaingiza baiti mbili na ya tatu inabaki nje. Mwisho wa neno unapata kile kialmasi cheusi chenye alama ya kuuliza. Duka la mawe, na almasi za bure kwenye kila mstari.

Mdogo wangu wa Mombasa, sasa nakurudia, maana kwako kuna dawa ya haraka zaidi. Umesema unaona á, ¾ na Ê. Hiyo ni ishara njema: ni baiti moja kwa herufi, ukoo wa TIS 620, na bado hazijapondwa. Ungeona à¸ na à¹ zikijirudia kila baada ya herufi moja, ningekwambia faili tayari ni UTF-8, usiligeuze, tatizo ni programu unayolifungulia. (Wathai wenyewe wanaijua sura nyingine ya ugonjwa huo, kurasa zilizojaa เธ na เน, ambayo ni UTF-8 ile ile ikisomwa kwa jedwali la 874.) Na ungeona ??? tupu ningekupa pole. Alama ya kuuliza ni 3F, baiti ya Kithai haimo tena, rudi kwa muuzaji ukaombe faili upya.

Lakini usilifungue kwenye Excel ukabonyeza kuhifadhi. Nasema tena, usihifadhi. Faili la baiti mojamoja likisomwa kama Windows-1252, jedwali la herufi za Windows ya Kizungu, huwa linarudi, kwa sababu baiti zote za herufi za Kithai zina mahali pake kule. Lile la UTF-8 halina bahati hiyo. Windows-1252 imeacha nafasi tano bila kitu, 81, 8D, 8F, 90 na 9D, na 81 ndiyo baiti ya mwisho ya ก, herufi ya kwanza ya alfabeti yao, na pia ya แ. Programu nyingine zinazimeza hizo tano kimya kimya. Nimeona orodha nzima ya majina ya watu ambayo kila ก imetoweka.

Na kwa kuwa ni mchele: mchele ni ข้าว, nyeupe ni ขาว. Tofauti ni alama ya toni tu. Ukiviweka kwenye hifadhidata ya MySQL 8 na kuacha ulinganishaji wake wa kawaida (kanuni ya kuamua maneno yapi ni sawa), utf8mb4_0900_ai_ci, hizo "ai" maana yake ni kutojali alama za juu, na toni za Kithai zinahesabiwa humo. Hifadhidata itakwambia mchele na nyeupe ni neno moja, na kama safu hairuhusu kujirudia itakukatalia la pili. Chagua ulinganishaji wenye "as". Jaribu kwa maneno hayo hayo mawili kabla hujaingiza kitu.

Turudi Silom nimalize. Kazi iliisha, Tanzania ikawa moja, uzito ukatafutika, na almasi zikaisha. Siku ya kuzindua mfumo, kampuni ile nyingine ilishukuriwa kwa maua. Mimi nililipwa nusu. Nusu nyingine ilikatwa kwa hoja kwamba kusafisha เเ na kupanua safu "hakukuwa kugeuza herufi", na kugeuza herufi, bila shaka, ni amri moja. Pa ndiye aliyenitoa mpaka mlangoni, akanipa mfuko wa langsat, matunda ya huku. Sijasahau nusu ile. Wakinisoma kwa tafsiri ya mashine, salamu.

Vijana, ndiyo maana napiga kelele. Mnajifunza programu kwa bidii, mnajifunza Kiingereza cha kumridhisha mteja, na mteja akisema kazi ni ndogo mnaitikia kwa sababu mnaogopa kuonekana hamjui. Tazama baiti kwanza. Kabla ya bei, kabla ya "nitamaliza Ijumaa", tazama baiti. Omba faili la asili, lisiloguswa, na ulifungie mahali ambapo hata wewe huwezi kuliandika juu. Kisha tazama baiti. Najua nimeshasema.

Mkataba wangu siku hizi una vipengele vitatu vya kazi kama hii. Uchunguzi, unaolipwa hata kama mteja hataendelea na mimi. Ugeuzaji na usafishaji, kila kimoja na bei yake kwenye mstari wake. Na malipo ya msomaji mmoja ambaye Kithai ndiyo lugha ya kwao, akae na mimi apitie kurasa kabla sijakabidhi. Hicho cha tatu ndicho wateja wanachokipigia debe kiondolewe, wanasema kompyuta itakagua. Nikifika hapo nafunga laptopu, nashukuru kwa chai, na nawaachia ile amri bure.